Jina Nililolibadilisha kwa Ajili ya Mgeni

Lusahunga, siku ya tatu tangu tuondoe matanga yako

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo halafu kalamu ikasimama yenyewe kungoja marahaba. Ndivyo nilivyolelewa, nifanyeje? Habari za huko sikuulizi, maana utanijibu nzuri kama tunavyojibu sote hata nyumba ikiungua, na siku hizi neno "nzuri" linanikera.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliiandika mezani pale kwenye redio, nikaichana. Ya pili niliiandika nimekaa kwenye gari la Masanja, dereva wetu, akaja kuniuliza kama nimehamia humo. Sasa nimesimama, karatasi iko juu ya betri, naandika huku natembeatembea. Ungeniona ungesema, "Adera, kaa chini, mawazo hayaendi kwa miguu." Herufi l ya jina langu hukuiweza hata siku moja, na nilikuwa nakucheka. Leo natamani mtu aniite Adera, lakini wote hapa wananiita vizuri.

Nina neno la kukuambia, nalo linahusu siku uliyokufa. Linahusu Lameki pia, fundi redio mwenzako wa kambi ya wakimbizi, ambaye kwa miezi miwili watu wamesema alikuacha ufe. Sikuja kulisema kaburini. Nililisema mahali pengine, na hapo nitafika, ila usinikimbize.

Kwanza nyumbani. Mama Spesi hajambo, yaani anakula na anajibu salamu. Binti yenu Spesi amerudi darasani. Kijana wenu Nyandwi amekuwa mrefu, suruali zote zimemkataa. Kitanda chako wamempa bibi kizee wa mlango wa pili aliyekuwa analala kwenye jamvi, nadhani ungependa. Mvua za masika zimeivunja ile njia ya maji uliyochimba nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeizibua mpaka juzi nilipoizibua mimi kwa jembe la kuazima. Mama Spesi alisimama mlangoni ananitazama. Nilijua anajiuliza huyu Mtanzania ana nini, mbona kila wiki anapanda gari kutoka Lusahunga kuja kufua nguo zetu. Alidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwamo, Mwalimu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko huzuni.

Na Lameki. Loo, Lameki! Ofisi yetu ilimwondoa kwenye redio wiki ya mazishi. Hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni kwamba watu wa mtaa wenu waliacha kunywa naye. Mimi ni mtu wa Nyabusozi, kwetu pombe ya ndizi mtu anaweza kunywa kikombe chake na mambo yakaisha, kwa hiyo sikuelewa haraka. Mama Spesi ndiye aliyenieleza: chungu kikiwekwa katikati, kila mtu huingiza mrija wake humo humo, na mtu mnayemshuku kifo humwekei chungu kimoja na watoto wako. Hawakumtukana. Hawakumpiga. Walikuwa wakimwona anakuja wanatoa mirija yao, wanafuta midomo, wanasema tumeshiba. Mtu mzima wa miaka hamsini. Na mahali pale, na watu walioyaona waliyoyaona huko walikotoka, unajua kutoka "tumeshiba" kwenda kwenye panga si safari ndefu.

Yeye alirudia neno lile lile tu: "Nilituma. Ujumbe ulikwenda." Hakuna aliyemwamini. Mimi pia sikumwamini, na hilo nakuomba radhi kwanza kabla ya yale mengine.

Unakumbuka ulivyonikuta? Karani wa kupiga chapa, nimetoka kwenye kozi ya miezi sita, najiona mjuzi. Ulishuka kwenye gari na kibali chako cha kutoka kambini kikiwa kimekunjwa mara nane kama dawa ya mganga, ukaitazama ile kompyuta yetu iliyounganishwa na redio ili kupelekeana ujumbe na kambi, ukauliza, "Nani anaelewa ndani yake?" Nikajibu kwa mdomo mrefu, "Mimi nachapa tu." Ukacheka. Ulikuwa umetengeneza programu za mitambo ya simu kwenu kabla ya vita, na hapa ulikuwa unalipwa posho ya kubeba betri. Ndani ya mwezi ulikuwa umeitupa ile programu waliyotuletea, iliyokuwa inaganda kila radi ikipiga, ukaanza kuandika yetu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Na ukaniambia tuiandike kwa majina ya Kiswahili, ili siku usipokuwepo mtu wa hapa aweze kuirekebisha.

Siku usipokuwepo. Ulilisema kirahisi hivyo, tunamenya njugu.

Somo la kwanza lilikuwa la aibu. Niliandika fanksheni ndogo, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, nikaiita angalia_redio. Kazi yake ni kuangalia kama redio inajibu, na isipojibu inazima programu nzima, kwa sababu nilidhani bila redio hakuna haja ya kuendelea. Wiki iliyofuata wewe ukaitumia mahali ulipotaka kuangalia tu, kama mtu anayechungulia dirishani. Programu yote ikafa mikononi mwako, na barua kumi na moja za watu zikafa nayo. Nilijua utanifokea. Hukufoka. Uliniambia, "Adera, umeniambia niangalie, kumbe umenipa kisu." Ukaandika jina jipya kwa mkono wako: angalia_redio_au_zima_vyote.

Nikabisha. Si unanijua. Nikasema jina refu hivyo litajaza skrini, vidole vitaniuma. Ukasema kompyuta haitozi ushuru wa herufi. Halafu ukanipa ile sheria yako, na namna ulivyoisema, umeshika njugu hujaitia mdomoni, naiona mpaka sasa: "Lisome jina kwa sauti, peke yake, usifungue ndani. Kama hujui nani ataumia likiitwa, bado hujalipata."

Ukanieleza mambo ya kwenu, kwamba baba hampi mtoto jina la ukoo tu akaondoka. Humpa jina linalosema. Wa saba anaitwa Nyandwi kwa sababu ni wa saba, basi. Aliyezaliwa baba akiwa na ugomvi na jirani hupewa jina ambalo jirani akilisikia linaitwa jioni analijua ni lake. Jina lako mwenyewe la nyumbani lilikuwa na maana ya "hawanitakii mema," ulipewa na babu aliyekuwa na kesi ya shamba. Nikakuuliza kama hukuona aibu kuitwa hivyo shuleni. Ukasema, "Aibu ni ya wasionitakia mema. Mimi nimetangaza tu."

Ndipo tukaandika zile tatu, za wakati ujumbe unaposhindwa kwenda. Ya kwanza ukaiita jaribu_tena_mara_tano. Ya pili ukaiita weka_kando_na_umwite_mtu, hiyo iliyokuwa inapiga king'ora mpaka mtu aje asome. Ya tatu ilikuwa ya zile salamu ambazo mashine zenyewe zinatumiana kila robo saa, nipo, nipo, nawe upo? Hizo zikishindwa hakuna hasara, nyingine inakuja. Kwa hizo ulitaka fanksheni inayoufuta ujumbe kwenye orodha na kuendelea mbele bila kelele. Ukaiita tupa_kimya. Juu yake ukaandika maelezo ya mstari mmoja: inatupa ujumbe bila kumwambia mtu yeyote.

Nilikuambia jina hilo ni baya. Nakumbuka nilisema "linatia doa." Ukaniuliza, "Kwani linasema uongo?" Moyoni sikukubali. Sisi huku tumefundishwa kusema na watu vizuri, Mwalimu. Mtu haambiwi "hakuna," anaambiwa "bado." Haambiwi "hatutafanya," anaambiwa "njoo wiki ijayo."

Sasa nasema lililoninyima usingizi.

Ulikuwa kambini wiki ile mgeni mkubwa alipotangazwa kuja kutoka Dar es Salaam. Tukafagia mpaka barabarani. Masanja alipaka matairi rangi nyeusi. Mkuu wa kituo akaniambia mgeni amesikia tuna programu ya Kiswahili, atataka kuiona, hivyo niichapishe yote kwenye karatasi. Nikaichapisha. Nikaipitia kwa macho ya mgeni, na kila nilipogeuza ukurasa, tupa_kimya. Tupa_kimya hapa, tupa_kimya pale, na yale maelezo yako yanayosema bila kumwambia mtu yeyote. Nikasema mama yangu wee! Mtu mzima atoke Dar aje asome kwamba ofisi hii inatupa ujumbe wa wakimbizi kimyakimya?

Nikalibadilisha. Dakika moja tu, kompyuta inabadilisha kila mahali kwa mpigo. Nilitafuta neno la heshima, neno lenye suti, na neno lenye suti katika ofisi za nchi hii ni moja. Shughulikia. Peleka malalamiko popote utaambiwa yatashughulikiwa. Mama yangu alipeleka barua ya mpaka wa shamba kwa watu wa kata tangu mimi niko darasa la tatu, inashughulikiwa. Nilijua kabisa neno lile ni blanketi la kufunikia kitu chochote, na ndiyo sababu nikalichagua. Ule mstari wako wa maelezo nikaufuta.

Unataka kujua mgeni alifanya nini na karatasi zile? Aliziweka chini ya glasi ya soda. Soda ikaloanisha ukurasa wa kwanza, akauliza choo kiko wapi, akaondoka kabla ya chakula. Wala hakusoma hata herufi moja.

Nami nikasahau kulirudisha. Ulipokuja wiki iliyofuata ulikuwa na homa, tukashughulika na antena iliyoanguka, kisha nikasema nitalirudisha kesho. Disketi za programu zikaenda kambini na jina jipya. Wewe ulikuwa huendi tena kwenye sehemu ile ya programu, ilikuwa imekwisha, inafanya kazi. Mtu hafungui sufuria ambayo imeshaiva.

Miezi mitano ikapita. Surua ikaingia kambini, unakumbuka joto la siku zile, kila mtu anakimbia. Ofisi ikataka ujumbe wa zahanati uwe na njia yake, utangulie mbele ya mwingine wote. Ulikuwa unabeba watoto kwenda kupimwa, ukaniambia kwa redio, "Andika wewe, unaweza." Nilijivuna! Niliandika siku mbili mfululizo. Nilipofika mahali pa kuamua ujumbe wa zahanati ukishindwa kwenda ufanywe nini, nilifungua orodha ya fanksheni zetu nikaisoma kwa kidole kama menyu. Jaribu tena nikaiweka. Halafu, baada ya majaribio matano? Macho yakaangukia shughulikia. Nilikuwa nimekwisha kusahau lilifunika nini, nikasema aha, hii hapa. Kosa la zahanati ni zito, lazima lishughulikiwe.

Mimi mwenyewe, Mwalimu. Si mgeni wa Dar, si Lameki. Niliyelificha jina nimekuja kudanganywa na ficho langu. Ningekuwa nimekuta tupa_kimya pale, mkono ungekataa, hata ningekuwa nimelewa. Nani anayeandika kwenye ujumbe wa zahanati, tupa kimya?

Tulipojaribu lilikuwa jua kali, kila ujumbe ukaenda mara ya kwanza. Kwenye jua kila kitu kinafanya kazi.

Siku yako ilianza na ngurumo. Lameki amenieleza yote, sasa namwamini kila neno. Tumbo lilikushika usiku, na asubuhi lilikuwa gumu kama ubao. Mganga wa zahanati akasema hii ni ya kupasuliwa, leo leo, hapa hapawezekani. Gari la kambi lilikuwa limekatika springi, liko Biharamulo. Saa nne Lameki akachapa ujumbe wa kutuomba sisi gari, akaandika jina lako, akaandika HARAKA. Akabonyeza. Radi ikapiga. Programu ikajaribu mara tano, ikashindwa mara tano, halafu ikafanya nilichoiambia. Ikaufuta. Orodha ikawa tupu. Na wewe ndiye uliyemfundisha Lameki, orodha ikiwa tupu maana yake ujumbe wote umekwenda. Akakimbia zahanati akakuambia gari linakuja. Anasema ulimshukuru.

Huku gari lilikuwa limesimama mbele ya dirisha langu. Masanja alikuwa analiosha, anagombana na kuku waliokuwa wanakunywa maji ya sabuni. Nilikuwa nakunywa chai. Nilikuwa nacheka, Mwalimu. Saa nne, saa tano, saa saba, nilikuwa nacheka na kuku.

Saa tisa, zamu ya kuongea kwa sauti, Lameki akatokea redioni anapiga kelele: "Gari liko wapi?" Nikamuuliza, "Gari gani?" Akataja jina lako. Masanja alikwenda mbio ambazo sitaki kuzifikiria, barabara yenyewe tope. Alifika jua linazama. Ulikata roho wakati wanakupandisha, kabla hajageuza gari. Amenieleza mara moja na ameniomba nisimuulize tena.

Kwetu hakukuwa na alama ya ujumbe ule. Kwenye mashine ya kambini hakukuwa na alama ya kosa. Basi hesabu ya ofisi ikawa rahisi: hakutuma. Alilala, au alikuwa anazurura, au wengine wakasema, si aliwahi kubishana na marehemu juu ya betri? Siku tatu tu, na maneno yakawa yamefika kila kona.

Nimegundua vipi? Kwa mvua. Walinipeleka kambini kumfundisha fundi mpya, mwezi na nusu baada yako. Nikachapa ujumbe wa majaribio kwenye njia ya zahanati huku radi inapiga. Nikaona unajaribu, moja, mbili, mpaka tano. Halafu orodha ikawa tupu. Nikageuka kumwambia yule fundi "umekwenda," nikajizuia katikati. Nikaita Lusahunga kwa sauti. Hawakuwa wamepokea kitu.

Nilifungua programu nikafuata mstari kwa mstari mpaka nikafika kwenye shughulikia, nikaifungua ndani, na ndani mlikuwa na mistari yako mitatu, vile vile, inafuta na kuendelea. Nilikaa kwenye kreti la betri. Fundi mpya akaniuliza, "Dada, vipi?" Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Nzuri."

Kuirekebisha kulichukua robo saa. Nilirudisha jina lako, nikarudisha maelezo yako, na kwenye njia ya zahanati nikaweka ile ya king'ora. Halafu nikakaa na siri hiyo siku kumi na saba. Sitajipamba. Nilijiambia kazi imeshatengenezwa, hakuna atakayekufa tena. Nilijiambia nikisema watanifukuza, na nyumbani Nyabusozi wadogo zangu wanategemea mshahara huu. Nilijiambia Lameki ni mtu mzima, maneno ya watu yatapoa. Kila Jumamosi nilipanda gari nikaja kufua nguo za wanao, nikipita mbele ya mlango wake. Alikuwa anakaa nje peke yake, anakunywa maji kwenye kopo. Ananiamkia vizuri tu. Anauliza habari za Lusahunga.

Kisha Mama Spesi akaniambia siku ya kuondoa matanga imepangwa, na kwamba kwenu siku hiyo mwenye neno na marehemu husimama akalisema mbele ya wote, asiyesema siku hiyo amelimeza, na likishamezwa haliruhusiwi kutoka tena. Akaniambia pia kwamba kaka zako wanakusudia kumtaja Lameki hapo. Aliniambia huku anachambua maharage, hata hakuinua macho.

Nilikuja na ile karatasi, ukurasa wenye madoa ya soda. Sijui nilidhani nani ataisoma. Uwanja ulijaa, chungu katikati. Lameki alikuja, Mwalimu. Alikuja akakaa mwisho kabisa, na mrija wake mkononi, mrija mkavu. Kaka yako mkubwa akasimama kusafisha koo, nami nikasimama kabla hajaanza. Mwanamke, mgeni, mwenyeji wa nchi. Waliniacha niseme kwa mshangao tu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, kwamba kulitokea hitilafu ya kiufundi. Yakanifika mpaka kwenye meno. Nikayaona, yana suti. Nikayameza. Nikasema: "Lameki alituma. Saa nne. Mimi ndiye niliyeandika programu iliyoutupa ujumbe ule, na niliandika vibaya kwa sababu nilificha jina la kweli ili mgeni asituone wabaya. Ofisini walimwadhibu asiye na kosa, na mimi nimejua siku kumi na saba nikakaa kimya." Nikaeleza na zile saa, na kuku, na chai. Sijui kwa nini nilieleza kuku.

Hakuna aliyelia. Mimi nilitegemea kelele, hata kofi. Mama Spesi ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya chumvi: "Gari lingefika saa saba, angepona?"

Mwalimu, kila mtu pale alikuwa ananingoja niseme siku ya mtu ikifika imefika. Hata yeye nadhani angenipokea. Ni neno jema, nimelisema misibani mara nyingi. Nikamtazama nikamwambia, "Sijui, mama. Pengine angepona."

Alitikisa kichwa taratibu. Akasema, "Basi nimejua." Akakaa, akajifunika uso na kanga, mabega yakaanza kutikisika, na wanawake wakamzunguka. Mimi nilibaki nimesimama, hakuna aliyeniambia nikae.

Kaka yako akachukua mrija mpya, akautia chunguni mwenyewe, akamwelekezea Lameki. Lameki akasimama. Nilidhani atakuja. Alinitazama mimi, si kaka yako. "Miezi miwili, Adela. Ulikuwa unapita mlangoni kwangu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Leo sinywi. Nitakunywa siku nitakayotaka mimi." Akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwake, na watu wote wakasimama kumpisha.

Ofisi nimewaandikia. Nimewaandikia kilichotokea bila kukifunika, na wao wamejibu kwamba barua yangu imepokelewa. Lameki ameitwa arudi kwenye redio, bado hajajibu. Mimi sijui kama wiki ijayo nitakuwa na kazi. Masanja ananinunia na kuniletea mihogo ya kuchoma kwa wakati mmoja. Kaka zako hawajasema nisije tena, wala hawajasema nije. Mama Spesi ametuma neno moja tu: Jumamosi kuna nguo.

Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe haraka mno, nakujua, halafu ungeanza kunieleza mambo ya antena. Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Jumamosi nitakwenda, na Jumamosi nyingine, mpaka aseme basi. Mlangoni kwa Lameki nitasimama, sitapita. Akitaka kunifukuza anifukuze nikiwa nimesimama. Na kila nitakachoandika tangu leo, hata kama ni mistari mitatu, kitabeba jina la kile kinachofanya, na aibu yake kikiwa nayo, ili atakayekuja nyuma yangu na haraka zake ajue ameshika nini.

Miezi miwili nimezunguka nikiwaambia watu umetutoka, umetangulia, umepumzika. Umekufa, Mwalimu. Umekufa ukiwa na imani kwamba gari linakuja, na mimi ndiye niliyeufuta ujumbe wako.

Kwaheri.

Adela